Mambo Yasiyofika Kwenye Kikao cha Ukoo

Hadithi za wachawi hazijawahi kunitisha, nasema mapema kabisa ili wale mnaonitumiaga visa vya bundi na ungo mjue mnajichosha. Mchawi anamrahisishia sana mwandishi kazi, maana anabeba lawama zote. Kitu kibaya kikitokea nyumbani mnamtafuta, mnampata, mnaombewa au mnahama, yameisha. Zinazoninyima usingizi mimi ni zile hadithi fupi ambazo hakuna aliyeua wala aliyeloga, watu wamekaa mezani wanakula mtori, wanapitishiana chumvi, mmoja anauliza basi la kesho linatoka saa ngapi, na wewe msomaji unajua kabisa pale mezani kuna mtu anatamani mwenzake akiondoka asirudi. Na chumvi anampa. Tena kijiko anakifuta kwanza.

Mimi niko Moshi, Majengo, nina steshenari. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, najazia watu fomu za vyuo na za ajira mtandaoni, na kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani, nachapa mambo ya misiba. Msiba wa huku una makaratasi bwana. Kuna ratiba ya mazishi, kuna wasifu wa marehemu, kuna shukrani za familia, kuna orodha ya kamati na nani kachangia nini, alafu ile picha kubwa ya kuweka kwenye fremu ambayo mara nyingi imekatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, unaona kabisa bega la bibi harusi limebaki pembeni na unaambiwa ulifute. Wasifu unakuja kwenye karatasi ya daftari, umeandikwa kwa peni mbili kwa sababu umeandikwa na watu wawili waliokuwa wanabishana, na ukiwa mzoefu unaona kabisa sehemu ambayo mmoja alimnyang'anya mwenzie peni.

Sasa kuna mama mmoja alikuja na wasifu wa mume wake (nimebadilisha mambo kadhaa hapa, hata ukoo wake ukisoma hawatamjua). Akakaa kwenye stuli pembeni yangu akawa anaangalia skrini ninavyochapa. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, kipaimara, ndoa, kazi, kuumwa. Tukafika pale penye "marehemu ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 19", nikaanza kuorodhesha majina ya watoto. La tatu nilivyolimaliza tu akaweka kidole kwenye skrini, mpaka ikabonyea.

"Huyo mtoe."

"Nimtoe kabisa mama?"

"Mtoe."

Nikamtoa, majina ya chini yakapanda juu. Alafu mimi kwa mazoea ya kazi nikarudi kule kwenye 7 nibadilishe iwe 6. Akanishika mkono.

"Hapo acha."

Nikamwambia mama majina yamebaki sita. Akasema, "Nimekwambia acha baba, wewe printi." Nikaprinti. Akahesabu hela, akaomba mpira wa kufungia, akaomba na bahasha ya kaki, alafu akaniuliza kama nimekula, maana ilikuwa inaenda saa tisa na alikuwa kaniona tangu aingie sijanyanyuka. Nikamwambia bado. Akasema vijana mtaumwa vidonda vya tumbo. Akaondoka.

Sijui chochote kuhusu ile familia na sikutafuta. Mtu wa riwaya angetafuta. Riwaya inataka kujua mtoto wa tatu alifanya nini, aliiba, aliolewa dini nyingine, alimtukana baba yake hospitali, na ukishajua yote hayo unashusha pumzi, aah kumbe ndo maana. Wale wa simulizi za WhatsApp wangekutengenezea sehemu 40 hapo, kila sehemu inaishia mtu anagonga geti, "itaendelea", tuma elfu moja upate zote. Hadithi fupi inaishia kwenye "Hapo acha." Kila mtu kanisani atashika ile karatasi, kila mtu anajua kuhesabu mpaka saba, na hakuna hata mmoja atakayeuliza. Ukinibana nikuelezee kwa nini jina lilitoka na namba ikabaki nitaanza kuongea upuuzi, na mama mwenyewe sidhani kama angeweza kukueleza.

Huku kwetu Uchagani karibu kila kosa lina pa kwenda. Ukisogeza mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ndugu yako unaitiwa kikao cha ukoo. Ukimtukana baba mkubwa, kikao. Kitinda mimba akitaka kuuza nyumba aliyorithi kwa baba, na makaburi ya wazee yako pale pale kwenye migomba, hicho ni kikao cha kutwa nzima na mbege inaweza kuisha hawajafika popote. Wazee wanasikiliza, unapigwa faini ya mbuzi, na likiwa zito unatanguliza jani la sale, ndo jani letu la kuombea msamaha, na aliyeletewa sale akikataa kusamehe kibao kinamgeukia yeye. Siubezi huu mfumo hata kidogo, kuna nyumba naziona zimesimama mpaka leo kwa sababu ya jani tu.

Lakini sasa nenda kashtaki hili. Umemuuguza mama yako muda mrefu, umeacha kazi Dar kwa ajili yake, unampenda, unampeleka kliniki KCMC unamshika kwapani ngazi kwa ngazi, usiku unamgeuza asipate vidonda. Usiku mmoja unamsikia anakohoa alafu anakaa kimya, na kabla hujashtuka, kabla hujatupa shuka ukimbie, kuna kitu kifuani kinatua mzigo. Sekunde moja tu. Alafu anakohoa tena, unaenda, unamuinua, unampa maji ya uvuguvugu, anakwambia Mungu akubariki mwanangu. Nani kakosa hapo? Shahidi nani? Utapigwa faini ya mbuzi kwa kitu kilichodumu sekunde moja? Au mtoto wako kaanguka kibarazani, wewe uko hatua mbili umeshafungua mikono, anakupita analia anakimbilia jikoni kwa dada wa kazi, na jioni unajikuta unamuuliza yule dada kwa ukali mbona sukari inaisha mapema siku hizi. Sukari kweli imeisha mapema. Hakuna uongo hata kidogo kwenye hilo swali, ndo ubaya wake.

Mambo kama haya hayafiki kwenye kikao. Padri mchungaji pia sidhani kama anayapata yote, maana kule unaenda na dhambi, kitu ulichotenda, kina jina. Na barabarani ndo kabisa, salamu zetu zimeshaamua majibu, habari za nyumbani salama, mtu anakwambia "nzuri tu, ila nimefiwa", nzuri inatangulia kwanza. Kwa hiyo linabaki huko chini mtu anaendelea kupika na kupiga pasi na kwenda jumuiya, na mimi naona sehemu pekee ambayo linaweza kutolewa nje likaangaliwa bila mtu kuhukumiwa ni hadithi ya kurasa sita, kwa sababu inakata kabla wazee hawajaketi.

Kuna moja nilirusha mwaka jana ikaleta maneno. Ni mama wa makamo, nyumbani kwake kila anachofanya kina kasoro, chai imezidi majani, mume anaongea na simu tu, mama mkwe anaonja mboga alafu anasukuma sahani taratibu bila kusema kitu. Ila ukitokea msiba mtaani, huyu ndo jemadari. Anafunga kanga kiunoni, anasimama katikati ya mafiga, masufuria yale ya kukodi yale ambayo mtoto anaweza kuoga humo ndani, vijana wanamenya ndizi za machalari, wanawake wanamuuliza "mama, mchele uingie?" na yeye anatia kidole kwenye maji, anasikiliza kidogo, anasema bado. Na wote wanasubiri. Watu mia tatu wanakula kwa sababu yeye kasema sasa. Wanaume wanampelekea soda bila kuagiza. Siku ya tatu wakishazika, watu wakianza kutawanyika, kijana anafungua kamba za turubai, viti vya plastiki vinapakiwa kwenye kirikuu, yeye anasugua sufuria ambalo limeshatakata, analisugua tu. Wenzake wanamwambia twende mama, umechoka. Njiani, wanatembea, anamuuliza jirani yake, "Hivi na yule mzee wa kule Rau, anaendeleaje?"

Imeishia hapo. Sikuandika kwamba alifurahi. Neno furaha halimo, nililitoa kwenye rasimu ya kwanza na nililitoa tena lilivyorudi kwa mlango wa nyuma. Ukishaandika "moyoni alijisikia furaha ambayo hakuielewa" umemfungulia kesi yule mama, msomaji anakaa kwenye kiti cha mzee wa ukoo anaanza kutikisa kichwa. Ukimpa sufuria asugue na swali aulize, msomaji anabaki naye pale njiani, na kinachomsumbua msomaji (nimeambiwa na watu zaidi ya mmoja) ni kwamba na yeye kwa nukta moja hivi alitaka yule mzee awe hali mbaya kidogo.

Dada mmoja akaniandikia inbox usiku sana, kaka umemtoa wapi mama yangu. Simjui yeye wala mama yake. Mwingine, huyu ni mtu mzima kabisa na namheshimu, akaniandikia kwa urefu, hadithi nzuri lakini mwisho wake nini, mbona hujamalizia, na funzo liko wapi?

Aisee hilo la funzo. Simlaumu, tumefundishwa kusoma kwa ajili ya mtihani wote. Fani na maudhui, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, alafu swali linakuja "kwa kutumia hoja tatu kutoka katika kila kitabu", na wewe unamvua mhusika nguo zake zote unabaki na "mwandishi anatuasa tuepuke tamaa". Miaka minne ya sekondari ukifanya hivyo unamaliza ukiamini hadithi isiyokuasa kitu ina hitilafu. Na bibi zetu pia walichangia, paukwa pakawa, zimwi linakula watoto, sungura anawaokoa, zimwi linapasuliwa kidole wote wanatoka wazima. Wazima! Hakuna hata mmoja aliyetoka tumboni mwa zimwi akashindwa kukaa chumba chenye giza. Mimi ndo ningependa kumsoma huyo, mtoto aliyetolewa kwenye zimwi, miaka 20 baadaye, ameoa, ana duka, na anaachaga mlango wa choo wazi.

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi huwa nataja hadithi moja ya Anton Chekhov, yule daktari wa Urusi, ilitoka mwaka 1886. Mwendesha gari la farasi kafiwa na mtoto wake wa kiume wiki hiyo hiyo. Theluji inaanguka, anabeba abiria, anajaribu kuwaambia, wanamhimiza akimbize. Anajaribu kwa dereva mwenzake kijana huko wanakolala, yule anakunywa maji anajifunika anasinzia. Mwisho anaenda zizini anamsimulia farasi wake, farasi anatafuna, anasikiliza, anampumulia mikononi. Nilivyoisoma nikawaza moja kwa moja vijana wa bodaboda pale nje ya stendi. Bodaboda hana farasi. Na mbaya zaidi abiria yuko mgongoni, hata uso hamuoni, anaongea huku anaangalia mbele, upepo unachukua nusu ya maneno. Umeshapanda boda wewe, unajua ile hali, jamaa anaongea ongea unasikia "…nilivyompeleka… ndo hivyo wakasema…" na wewe hujasikia kitu ila kwa adabu unajibu "eeh, ndo hivyo bwana." Saivi kila nikipanda boda nikajikuta nasema "ndo hivyo bwana" mwili unasisimka, sijui nimekubali nini. Hiyo sijaiandika, anayeitaka aichukue, ila asimpe huyo kijana abiria mwema wa kumsikiliza mwishoni maana najua mtashawishika.

Na jambo lingine kwa tunaoandika tukiwa huku, Mlima nimeupiga marufuku. Haiwezekani kila mtu wa Moshi akitaka kuonesha mhusika ana majonzi anampeleka dirishani auangalie Kilimanjaro umefunikwa mawingu. Mlima unafunikwa mawingu sehemu kubwa ya mchana, haujali mkeo kakuacha au la. Mvua pia punguzeni. Mtu akikata tamaa kwenye jua kali la saa sita pale Mbuyuni, katikati ya wauza vitunguu, mkononi ana mfuko una nyanya zinavuja, inatisha zaidi. Hakuna wa kumwambia pole maana hakuna kinachoonekana.

Sasa nina moja ambayo iko mezani, naiandika usiku nikishafunga duka, na imenigomea sehemu ya mwisho, kwa hiyo naitoa hapa kama ilivyo.

Ukipanda huko Marangu, Machame, Kibosho, utaona yale majumba. Bati la msauzi, geti la umeme, vyumba vya self sita au saba, sofa zimefunikwa mashuka. Mwenye nyumba yuko Dar au Mwanza au nje ya nchi, anakuja Desemba, siku kumi hivi, magari yanajaa uani, mbuzi wanachinjwa, watoto wa mjini wanalalamika baridi, mwaka mpya ukipita wanafunga wanaondoka. Miezi mingine yote yuko kijana mmoja, analala chumba cha nje karibu na banda la mbwa. Kazi yake ni kufyeka, kumwagilia maua, na jioni kuingia ndani awashe taa ili ionekane kuna watu.

Kijana wangu anaanza na taa ya sebuleni tu. Alafu anaona haitoshi, nyumba yenye watu haiwashi taa moja. Anawasha jikoni saa moja, anazima saa mbili. Anawasha chumba cha watoto, anazima saa tatu, cha wazazi saa tano. Anakuwa na ratiba, anaifuata, wapita njia kweli wanadhani kuna watu. Siku moja anapitiwa na usingizi nje, anaamka saa nne, anaona taa ya chumba cha watoto bado inawaka, anakasirika. Anaingia, anasimama mlangoni mwa kile chumba chenye vitanda viwili vya deka havijawahi kuvuliwa nailoni, anasema, "Hamlali kwa nini? Kesho si shule?" Anazima. Anasubiri kidogo pale kwenye giza kusikia kama watanong'ona.

Nikishaandika hapo nilitoka nje nikavuta hewa, sitanii.

Kinachonisumbua ni Desemba. Wenyewe wakija itakuwaje? Rafiki yangu mmoja ambaye ndo msomaji wangu wa kwanza siku zote anataka akamatwe, akutwe kavaa kaptula ya kulalia ya baba mwenye nyumba, ipigwe kelele, watu wajae. Nimemwambia hiyo ni sinema, na zaidi ya hapo ukishamkamata unampa kosa, na akishapata kosa tumeshamrudisha kwenye kikao, atafukuzwa, mtalipana, mtaandikishana. Yeye anasema basi awe kichaa kabisa, angalau tujue moja. Hapana. Huyu kijana ana akili zake timamu, anatunza nyumba vizuri kuliko kijana yeyote aliyemtangulia, maua yamestawi, na wakija anawafungulia geti kwa adabu, shikamoo mama, shikamoo baba, anabeba mabegi, usiku anarudi chumba chake cha nje na kwa siku zote hizo anaomba ruhusa hata kuingia jikoni kuchukua maji. Watoto wenyewe anawaangalia kidogo kidogo tu, wamekuwa wakubwa kuliko alivyodhani, na wanalala saa saba za usiku wanacheza gemu. Hasemi kitu.

Mama mwenye nyumba ndo anaangalia mita ya LUKU. Anauliza, "Umeme unaenda eeh?" Anajibu, "Unaenda mama." Mama anakaa kimya, anapita chumba hadi chumba, anagusa swichi moja moja, hamwiti mume wake. Nimejaribu kumfanya aulize swali la pili na kila akiuliza hadithi inakufa, kwa hiyo jana usiku nimeamua haulizi. Tarehe mbili Januari wanapakia mizigo, magari yanawashwa, mama anarudi kama aliyesahau kitu, anampa kijana hela ya umeme ya mwaka mzima, mara mbili ya aliyoachaga kila mwaka, na anamwambia cha watoto usiwe unazima mapema sana, wanaogopa.